Siki ya bei ya bia: niliyokutana nayo kwenye baa moja ya Yorkshire

Nimeambiwa mengi tangu nihamie Uingereza, lakini kuambiwa na kijana wa kaunta kwamba siki ndiyo ladha yenyewe, hilo lilinipandisha mori.

Baa siitaji. Ipo Yorkshire, karibu na stesheni ya treni, ina zulia jekundu lililochakaa na pampu za mkono zimepangwa safu moja kaunta. Ilikuwa mchana wa katikati ya wiki, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, wateja wa kuhesabu. Nikaagiza painti ya bita, bia ya asili ya Kiingereza yenye uchungu wa hopsi. Povu likaja zito, maana huku kaskazini mdomo wa pampu hufungwa kichungi chenye vitundu vidogo, na povu la hivyo linaweza kuficha mengi. Hili lilinywea kabla sijavuta kiti. Nikanusa: siki. Siyo kwa mbali, ni ile ile wanayomwagia chipsi. Nikaonja, ulimi ukakunjamana pembeni, na nyuma ya ule ukali hamna kitu. Kimea hakuna, uchungu wa hopsi unaobaki kooni hakuna.

Nikarudi kaunta kwa adabu zote. "Samahani, naona hii imechacha." Hata pua hakuisogeza. Akainua glasi kwenye taa, akanitazama mimi kuliko alivyoitazama bia, akasema, "Bia zetu za asili ndivyo zilivyo. Labda umezoea laga."

Mimi! Nimekulia Marangu, kwenye boma ambalo bibi alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, hadi majirani wanajua siku. Mbege ina uchachu wake wa halali, na gome la msesewa linaipa uchungu wake, lakini mtoto wa Kichagga hahitaji darasa kutofautisha mbege ya leo na iliyolala. Laga nakunywa, sikatai. Ila habari za kuchacha usinifundishe.

Na kwa wale wa nyumbani mnaoniuliza kila siku tunakunywaje bia ya moto: siyo ya moto. Pipa linakaa chini, kwenye stoo ya baridi ya nyuzi 11 hadi 13 hivi, na ubaridi wa friji ungeiua ladha. Hii bia ya asili ya pampu haichujwi kiwandani wala haichemshwi kuua hamira. Inafika baa ikiwa hai, inaendelea kuchachuka ndani ya pipa, na mashapo ya hamira yanatulizwa kwa ute unaotokana na bondo la samaki, kile kifuko chake cha hewa. (Ndiyo, bondo, kama lile la sangara linalogombaniwa Mwanza. Siku hizi wengine wameacha, kwa ajili ya wasiokula nyama.) Kinachoiponza ni hewa. Kila painti ikivutwa, hewa inaingia kujaza nafasi, na pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi za raha. Baada ya hapo bakteria wanakigeuza kilevi kuwa siki. Kwa hiyo baa isiyo na wateja ikifungua mapipa mengi kwa mkupuo, Jumatano unauziwa mabaki ya wikiendi. Kosa hapo si la mpishi wa bia, ni la mwenye stoo.

Ndiyo maana hasira zangu haziko kwenye pipa. Pipa kufa ni jambo la kawaida. Desturi ya hapa naijua: mteja akirudisha, muuzaji ananusa, anamwaga, anakupa nyingine bila maneno, kisha anakigeuza kile kibao cha pampu kitazame ukutani ili wengine wasiagize. Sekunde kumi tu.

Mzee mmoja wa Kiingereza, wa kwenye kona, alisikia. Akaniomba glasi, akanusa, akaisukuma mbali. "Jaribu pota," akaniambia, na kijana akamtupia jicho moja tu. Pota ni bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa. Kijana akaivuta kwa kununa, kisha akanisogezea mashine ya kadi. Yaani nilipe tena! Nikalipa, nikiwa nimeshaanza kuandika maneno haya kichwani, na mengine hayaandikiki hapa.

Sasa shida ni kwamba ile pota ilikuwa tamu. Sisemi ilikuwa nzuri kwa kunifariji. Nyeusi, ukiielekeza dirishani inang'aa wekundu, inanukia kahawa iliyokaangwa na sukari guru, gesi ndogo ya kutekenya ulimi tu, na uchungu unakuja mwishoni taratibu. Tangu nilipoonja bia ya Landlord ya kiwanda cha Timothy Taylor, huko huko kwao Keighley, sijapata glasi iliyotunzwa namna ile. Kwa hiyo kuna mtu kwenye baa hiyo anaijua kazi. Nikaanza kulegea. Nikasema labda kijana ni mgeni wa kazi, labda kaamka vibaya.

Kisha wakaingia mke na mume, watu wazima, wakaagiza bita. Akavuta pampu ile ile. Ile ile! Huku mimi na mzee tunamtazama. Yule mama alionja, akanyamaza, akaiacha zaidi ya nusu mezani, wakaondoka bila kulalamika, Waingereza hao.

Wanachama wa CAMRA, chama kinachotetea bia hizi tangu 1971, huzipa alama 0 hadi 5, na sifuri ni isiyonyweka. Bita naipa sifuri. Pota naipa 4, na ningeipa 5 kama isingemiminwa na mkono ule. Huduma ningeipa 1 kwa kuwa glasi zilikuwa safi, ila nikimkumbuka yule mama naifuta. Mkipita hapo, nendeni Ijumaa usiku watu wakiwa wamejaa na mapipa yanakwenda haraka, agizeni pota, na ombeni muonje kidogo kabla ya kulipa. Kuonja ni bure. Akikataa, mlango mmeshauona.