Mifuko ya turubai ya kupunguza mwendo wa boti, kutoka kwa mafundi wa Moshi

Mashine ya nguvu za farasi 15 huisukuma boti ndogo hata usipoongeza mafuta, na chambo bandia kikikokotwa kasi mno hupinduka au huibuka juu ya maji. Mifuko hii, inayokokotwa majini ili kuizuia boti, hushonwa kwa umbo la faneli. Kwa boti ya mita 5, agiza mdomo wa sentimita 75 na tundu la mkiani sentimita 12. Chukua miwili, kwani mmoja peke yake huivuta boti upande.

Kamba ifungwe mbele ubavuni, fupi kiasi kwamba mfuko haufiki kwenye propela. Hilo lipimeni mkiwa bado nchi kavu! Usiufunge nyuma, mawimbi yataingia. Mkiani weka kamba nyembamba ya kuutolea: ukiivuta, maji humwagika na mfuko huja mwepesi. Samaki akinasa, mifuko itoke kwanza, la sivyo mshipi utajisokota humo. Kwa sangara, kilomita 4 hadi 5 kwa saa kwenye GPS ya simu zinafaa.

Turubai lenyewe ni imara sana. Udhaifu uko kwenye uzi: wa pamba huoza, hivyo dai nailoni na mshono mara mbili mdomoni.