Gulal gota za Jaipur: hizi ndizo rangi za kuchezea Holi

Ukipata bahati ya kusherehekea Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, mjini Jaipur, India, achana na maputo ya maji, nunua gulal gota. Ni vimpira vya lakiri vyenye ganda jembamba kama la yai, vimejazwa unga wa rangi. Ukimrushia mtu, ganda hupasuka palepale kifuani, rangi ikamwagika, naye asiumie. Nilivitumia Machi 2025, nilipoalikwa nyumbani kwa rafiki niliyesoma naye, na navisifu kwa moyo wote.

Vinatengenezwa Maniharon ka Rasta, kichochoro cha bangili katika mji wa kale, jirani na soko la Tripolia. Mafundi wake ni Waislamu wa jamii ya Manihar, walewale wanaotengeneza bangili za lakiri, na ufundi huu wamerithishana tangu enzi za wafalme wa Jaipur. Nenda ukawaone wakifanya kazi, usitume mtu. Fundi hupasha donge dogo la lakiri juu ya makaa, hulibandika kwenye ncha ya mrija, hupuliza huku akilizungusha mpaka litune, kisha hulitia majini lipoe. Pembeni yake mwingine hujaza rangi kupitia tundu na kuliziba kwa karatasi.

Mwaka ule Holi iliangukia ndani ya Ramadhani. Mafundi walikuwa wamefunga, na mchana kutwa wako mbele ya makaa wakiandaa sikukuu ya majirani zao Wahindu. Mama wa rafiki yangu hununua kwa familia ileile tangu alipoolewa. Kabla ya kutoa hela aliuliza kwanza hali za watoto na nani kati yao ameanza kufunga. Mimi Mwislamu, nimesimama pale na swaumu yangu, nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Boksi la vimpira sita nililipa rupia 150. Kwa hela hiyo ungepata mfuko mkubwa wa rangi ya kawaida, na mwenye watoto wengi atalihisi hilo. Lakini rangi yenyewe ni unga wa uwanga, laini, haikuniwasha, na jioni ilitoka kwa maji na sabuni. Nywele nilizipaka mafuta ya nazi mapema, kama walivyonielekeza.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi vinavyowaingiza wazee mchezoni. Usiku wa mkesha wa Holi tuliwasha moto uitwao Holika, na asubuhi yake, siku wanayoiita Dhulandi, Dadi, yaani bibi mzaa baba wa rafiki yangu, aliketi barazani na sahani ya vimpira mapajani. Kwa kuogopa maputo, zamani alikuwa akijifungia chumbani siku hiyo. Safari hii aliwalenga wajukuu mmoja mmoja, na ana shabaha! Mkwe wake alipopita na sinia la gujiya, yale maandazi matamu ya kujazwa ndani, naye alipigwa cha kijani begani. Gujiya zangu niliwekewa mpaka magharibi. (Thandai, yale maziwa baridi ya lozi na iliki, uliza kwanza kabla hujanywa: wengine huitia bangi.)

Kasoro zipo. Vimpira havistahimili msukosuko. Usivibebe kwenye mkoba pamoja na vitu vingine. Vipande vya ganda huingia kwenye kola na nywele, na ua utaufagia hasa. Kila kimpira kina rangi moja tu, kwa hiyo changanya maboksi. Jihadhari pia na vya bandia: duka moja la mbali na kichochoro hicho liliniuzia vyenye ganda nene na zito, na mtoto aliyepigwa nacho alilia. Cha kweli ni chepesi mno mkononi, na hupasuka ukikiminya kidogo tu.

Ukiwa na watoto wadogo, waambie walenge kifua au mgongo, wasiguse uso. Na nunua siku kadhaa kabla. Mkesha wa Holi kichochoro kilijaa watu, na rangi ya waridi, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote, ilikuwa imekwisha kabla ya adhuhuri.