Mbabula ya udongo ya Birere: niliyopikia kambini Bulengo

Mbabula hii, yaani jiko la kubeba, niliinunua mtaa wa Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kwa fundi anayezitengeneza mwenyewe: bati nje, udongo ndani, mlango mdogo chini. Aliitaka faranga 15,000, nikamshusha hadi 12,000. Inakubali makala (makaa) na vijiti. Wakati huo tulikuwa kambini Bulengo, kambi ya wakimbizi wa ndani nje ya Goma, tumekimbia vita vya Sake vya Februari 2024.

Wengi huuliza maharage yanaiva kwa muda gani. Yanaiva, ila mimi mbabula naipima kwa msitu. Kwenye mafiga, juu ya mawe ya volkano, upepo ukipenya chini ya bashi (turubai), kuni ziliisha maharage bado magumu, na kuni zenyewe zilitoka hifadhi ya msitu ya Virunga. Humo kumejaa wenye bunduki wa kila upande. Nyumba nyingi zilipiga hesabu ileile: baba akienda ataitwa mpelelezi, atauawa, basi aende mama, atabakwa lakini atarudi. Ilisemwa hivyohivyo, kama watu wanaopangiana zamu ya kuchota maji.

Kwa mbabula hii, fungu la kuni la siku moja lilianza kutufikisha kesho yake. Hesabu ile haikufutika, ila zamu zilipungua, na nikipata kibarua nanunua makala ya kopo, siendi kabisa. (Dada, likikufika la kubakwa, wahi kituo cha afya. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72. Usikae ukingoja kupata ujasiri wa kumwambia mumeo.)

Kasoro zipo. Sufuria kubwa ya bugari (ugali) inayumba juu yake, watoto wakae mbali. Halafu ni nzito. Februari 2025, waasi wa M23 walipokwisha kuingia Goma na tukaambiwa tuondoke kambini, nilikuwa na mtoto mgongoni na mbabula kichwani, na udongo ukapasuka kabla hatujafika Sake. Nimeuziba kwa udongo na majivu. Inapika, lakini sasa inakula makala zaidi.

Kwa familia ya watu wanne au watano inatosha. Mkizidi hapo tafuteni ile kubwa, hata kama ni kwa kuchangiana na jirani. Chagua yenye udongo mnene, na uigonge kwa kidole kabla ya kulipa. Ikitoa sauti butu ina ufa ndani, fundi akupe nyingine.