Baseball-Reference: ukitaka kumjua Nick Markakis ni nani, ingia hapa

Jamani nyie mnaofuatilia besiboli ya Marekani kwa klipu tu, mnapitwa na mengi, maana klipu ni homurani tu, mpira umevuka uzio, jamaa anashangilia, basi. Wachezaji wa aina ya Nick Markakis huko huwaoni kabisa. Ndo maana Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli, naipa maua yake, kila aliyewahi kucheza ligi kuu ana ukurasa wake na jedwali ni lilelile awe staa awe nani, mwaka mmoja mstari mmoja, unasoma kwenda chini.

Fungua ukurasa wa Markakis uone. Kaanza 2006 na Baltimore Orioles, na kuanzia 2007 mpaka 2011 kila mwaka kapiga hiti (pigo linalomfikisha mpigaji besi salama) zaidi ya 180, ila 200 hajawahi kufika hata siku moja, ya juu kabisa ni 191. Halafu shuka na safu iliyoandikwa 2B, yale mapigo yanayomfikisha mpigaji besi ya pili, kuanzia 2007: 43, 48, 45, 45. Miaka minne mfululizo aisee! Hawa jamaa wa tovuti namba ya aliyeongoza ligi huwa wanaikoleza wino, sasa kwake wino mzito ni wa kutafuta, lakini ukifika mstari wa jumla unakuta hiti 2,388, besi mbili 514, wastani .288, yaani hiti ukigawa kwa nafasi rasmi za kupiga. Wenye majina makubwa kibao hawajafika hapo.

Afu njoo kwenye tuzo sasa. All-Star, ile mechi ya mastaa waliochaguliwa, moja tu, 2018, yuko Atlanta Braves, msimu wake wa 13, ana miaka 34, na mwaka huo kacheza mechi zote 162. Mwaka 2008 alipiga .306 na hawakumwita, mimi hiyo inaniuma mpaka leo.

Ninachokipenda zaidi, ukizisoma namba taratibu unaona mwili wake ulipitia nini. 2012 hiti zinaporomoka, ndo mwaka alioumia mkono, kisha Septemba mpira uliorushwa na CC Sabathia ukamvunja kidole gumba akakosa mechi za mtoano. 2015 homurani 3 tu, katoka kufanyiwa upasuaji wa shingo, lakini wastani .296! Nguvu zimepungua, jicho liko palepale.

Kuna na sehemu ya mechi moja moja, nenda 2020, Agosti 6, dhidi ya Toronto, utaona homurani moja. Jedwali halisemi kwamba alishajitoa msimu ule sababu ya korona, baada ya kuongea na mchezaji mwenzake Freddie Freeman aliyekuwa anaumwa, akabadili mawazo akarudi, na pigo lile ndo lilimaliza mechi. Hapo unajazia mwenyewe.

Kwa anayeanza atasota kidogo, ni Kiingereza kitupu na vifupisho vingi, ila ukiweka mshale juu ya kifupisho maelezo yanatokea. Ni bure, matangazo yapo, na wanaotaka kuchimba zaidi kuna Stathead, huduma yao ya kulipia, ila kwa shabiki wa kawaida ya bure inatosha kabisa. Ukimaliza na Markakis mtafute Garret Anderson wa Angels, hiti 2,529, ni ukoo huohuo.