The Return of the King kibanda umiza: raha ni watazamaji

Nilishaiona filamu hii ya 2003, ya tatu ya The Lord of the Rings, nyumbani, ila kuitazama kibanda umiza, tena imetafsiriwa, ni habari nyingine kabisa. Dakika 201 kwenye benchi lisilo na egemeo, kiuno kinakoma. Lakini watu sasa!

Denethor, mtawala wa mji wa Minas Tirith, alipoonekana anatafuna nyanya, juisi ikimchuruzika kidevuni, na huku kamtuma mwanawe akafe, mama muuza karanga pale mlangoni alisonya: "Baba gani huyu!" Maorki, yale majitu ya jeshi la adui, walipoanza kurusha vichwa vya askari ndani ya Minas Tirith, kimya. Halafu farasi wa Rohan, jeshi la kuja kuokoa mji, wakatokea kilimani, hakuna aliyebaki amekaa. Éowyn, binti wa Rohan, alipovua kofia ya chuma na kummaliza Mfalme Mchawi, kamanda wa adui, akina dada wa nyuma walipiga vigelegele utadhani harusini.

Mtafsiri anachekesha, sawa, ila haachi nafasi. Wimbo wa Pippin, yule mfupi anayemwimbia Denethor akila, sehemu tamu kuliko zote, kaufunika wote na maneno yake. Feni iliyopo inampuliza mwenye kibanda peke yake. Kwa shilingi 500 nitarudi. Ukienda, kaa mbali na spika ya kushoto, inakwaruza.