Mapazia ya nyumba ya Dar: lipi linunuliwe kwanza, lipi liachwe dukani

Pazia la Dar lina kazi tatu: kupitisha upepo, kukata jua la jioni, na kukauka upesi likifuliwa. Rangi ije baada ya hapo. Kwa vigezo hivyo, mpangilio wetu ni huu.

Namba moja ni kitambaa cha pamba iliyochanganywa na poliesta, cha uzito wa kati, na nyuma yake shela, yaani pazia jepesi linalopitisha mwanga. Kinafuliwa nyumbani, hakipungui sana, na hakikunjamani ovyo. Shela inakuwezesha kuacha dirisha wazi mchana kutwa bila mpita njia kuona ndani. Usiku taa ikiwaka, mambo hugeuka, kwa hiyo shela peke yake haitoshi.

Namba mbili ni pamba tupu. Inapumua vizuri mno, lakini hupungua. Loweka kitambaa na ukikaushe kabla fundi hajakata, la sivyo baada ya kufuliwa mara ya kwanza pazia litaning'inia juu ya sakafu kama suruali fupi. Dirisha la magharibi litaipausha. Mwambie fundi aweke bitana nyeupe.

Tatu, kitambaa kizito cha kuzuia mwanga. Kinamfaa anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Sebuleni kinaziba hewa bure. Upande wenye utando usiupige pasi, utaganda.

Mwisho kabisa ni mahameli. Inavutia dukani, tunakiri, ila hukamata vumbi, hunyonya unyevu wa masika, na ikilowa ni mzigo. Chumba chenye kiyoyozi muda wote kinaweza kuivumilia.

Kabla ya kulipa, lowesha pembe ya kitambaa na uisugue kwa leso nyeupe. Leso ikishika rangi, achana nacho. Kisha kifumbate ngumini kwa sekunde kumi. Mikunjo ikikataa kuondoka, ndivyo kitakavyoonekana dirishani.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dirisha la sentimita 150 linahitaji bomba la kutundikia la 190, yaani 20 za ziada kila upande. Zidisha kwa mbili ili pazia liwe na mikunjo: 380. Urefu kutoka kwenye bomba hadi chini ukiwa 240, ongeza 25 za upindo, upate 265. Kitambaa chenye upana wa sentimita 280 hulazwa ubavu, upana wake ukawa urefu wa pazia, hivyo mita 4 zinatosha bila kiungo. Chenye upana wa 150 kitataka vipande vitatu vya 265, karibu mita 8. Bei ndogo ya mita isikudanganye. Kariakoo uliza pia kama wanapima kwa mita au yadi. Yadi ni sentimita 91 tu.

Ringi za kila pazia, yaani matundu yenye pete ambamo bomba hupita, zigawanyike kwa mbili, mfano 12, ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Zikiwa 11, upande mmoja utabetuka kuja sebuleni.

Kwa nyumba za karibu na bahari, kama Kigamboni au Mbezi Beach, nunua bomba la aluminiamu. La chuma hushika kutu na kutia madoa kitambaa. Likizidi mita 2, weka kishikio cha tatu katikati lisipinde.

Upindo wa chini fundi aushikize kwa mkono kwanza. Pazia likae wiki moja likining'inia, kitambaa kivutike kwa uzito wake, ndipo aushone kwa cherehani.