Uzoefu Wangu wa Kununua na Kukuza Manjano Nyumbani

Kwa kuwa mmanjano haupandwi kwa mbegu, anayetaka kuukuza nyumbani hununua ama mche uliokwisha kutoa majani ama tunguu bichi, yaani shina nene linalokua chini ya udongo, lenye macho ya kuchipua. Nilinunua vyote viwili kwa muuzaji mmoja, nikavipanda katika msimu mmoja, na baada ya mavuno naona kwamba tunguu lililochaguliwa vizuri ni ununuzi bora kuliko mche.

Miche ilipendeza ilipofika, majani yake yakiwa mapana na ya kijani kibichi. Hata hivyo, nilipoitoa kwenye viriba nilikuta udongo umelowa chepechepe, na katika mche mmoja tunguu lilikuwa limelainika, likibonyea chini ya kidole na kutoa harufu ya uvundo, ilhali majani yake hayakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Mmanjano una akiba ya chakula ndani ya tunguu, hivyo unaweza kuonekana mzima kwa muda huku ukioza chini, na ndiyo maana ninaamini kwamba muuzaji wa miche anapaswa kutumia udongo unaopitisha maji kwa urahisi. Nilipolalamika, alinibadilishia mche huo bila ubishi, jambo ninalomshukuru.

Matunguu yake yalikuwa ya daraja lingine kabisa. Yalikuwa magumu na mazito, yenye ngozi ya kahawia iliyozungukwa na pete, na macho yake yalikuwa yameanza kuvimba na kung'aa kwenye ncha. Nilipolikata moja, ndani lilikuwa na rangi kali ya machungwa, na harufu yake ilienea chumba kizima. Niliyaatika kwanza kwenye udongo wenye unyevu kidogo, mahali pa joto, nikasubiri. Hapa mnunuzi anahitaji subira ya kweli, kwa sababu machipukizi yanaweza kuchukua zaidi ya mwezi kutokeza, na anayemwagilia maji mengi akidhani anayaharakisha huishia kuyaozesha.

Yalipochipua niliyahamishia kwenye vyungu vyenye kina cha sentimita 30 hivi na matundu chini, nikayafukia kwa kina cha sentimita 5, macho yakielekea juu, katika udongo mwepesi uliochanganywa na mboji. Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana viliyafaa sana; chungu kilichokaa kwenye jua kali siku nzima kilikuwa na majani yaliyoungua kingo.

Manjano hukomaa kwa miezi 7 hadi 10, na dalili ya kuaminika ni majani kugeuka njano na kukauka yenyewe. Matunguu niliyoyaatika yalinipa vidole vinene, yaani matunguu ya pembeni, vilivyoshikana na tunguu mama, vingi kuliko vile vya miche, ambayo nadhani ilidumaa kwa kubanwa mizizi muda mrefu kwenye viriba vidogo. Sehemu niliichemsha, nikaianika hadi ikawa ngumu, kisha nikaisaga. Vidole vyenye macho mazuri nimevitenga kwa kupanda tena.

Matunguu ya muuzaji huyu nitayanunua tena bila kusita. Miche yake sitainunua hadi abadilishe udongo wake, na anayeitaka hata hivyo amwombe kwanza picha ya tunguu lililotolewa kwenye kiriba, si ya majani peke yake.